Sauti ya Kuazima: Rashidi Kawawa, Sinema na Bonde la Kilombero

Mito miwili hukutana kusini ya Tanzania ikazaa mto wa tatu. Mmoja ni Kilombero, ukusanyao maji ya milima ya Udzungwa na ya Mahenge na kuyatandaza katika bonde pana ambalo Ifakara ni mji wake mashuhuri. Wa pili ni Luwegu, utokao katika nchi ya Ruvuma. Yakutanapo maji yao majina yote mawili hupotea, na mto uendao baharini huitwa Rufiji. Katika nchi hiyo ya Ruvuma, kijijini Matepwende, alizaliwa tarehe 27 Mei, 1926, Rashidi Mfaume Kawawa, mwana wa mwindaji wa tembo. Wengi humkumbuka kwa vyeo: Waziri Mkuu, Makamu wa Pili wa Rais, Katibu Mkuu wa Chama. Wachache hukumbuka kuwa kabla ya vyeo hivyo alikuwa mchezaji wa sinema, tena miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kuonekana na kusikika katika sinema za hadithi zilizosemwa kwa Kiswahili.

Mchezaji wa sinema ni mtu aishiye kwa kuazima. Huvaa nguo zisizo zake, huitikia jina lisilo lake, na husema maneno aliyotungiwa na mwingine. Akiifanya vyema kazi hiyo, watazamaji humwona mkulima mahali asimamapo karani, na huusikia moyo wa mkulima katika sauti ya karani. Katika mchezo jambo hilo ni sanaa njema. Katika utawala ni jambo zito zaidi, maana mtawala naye husema kwa niaba ya watu wengine, na watu hao hawana saa ya kuzimwa taa ambapo hurudishiwa sauti yao. Maisha ya Kawawa yalipita katika hali zote mbili. Kwa hiyo historia yake ina swali ndani yake: je, aliyejifunza kumsemea mtu wa shamba alijifunza pia kumsikiliza? Bonde la Kilombero halikuwa nyumbani kwake, lakini ni mahali panapofaa kulipima swali hilo, kwa sababu mambo matatu makubwa ya zama zake za utawala, yaani lugha, reli na vijiji, yalipita humo yote.

Dunia huzungumza sana juu ya Mmarekani aliyetoka katika sinema akaingia ikulu. Ronald Reagan, aliyezaliwa Illinois mwaka 1911, alianza kuonekana katika sinema za Hollywood mwaka 1937. Alikuwa rais wa chama cha wachezaji wa sinema toka 1947 hata 1952, na mara ya pili 1959 hata 1960. Akaapishwa Gavana wa California Januari 1967, na akawa Rais wa Marekani toka 1981 hata 1989. Mfuatano huo, sinema kwanza, kisha chama cha wafanyakazi, kisha dola, hudhaniwa kuwa ajabu ya Marekani peke yake. Lakini siku alipoapishwa Reagan kuwa gavana, Kawawa alikuwa amekwisha kuipita njia yote hiyo. Alikuwa amecheza sinema, amekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, amekuwa Waziri Mkuu, na wakati huo alikuwa Makamu wa Pili wa Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Sinema zilizomtoa Kawawa hazikutokea ghafula. Mwaka 1935 ulianzishwa Vugiri, katika milima ya Usambara, mradi wa kujaribu kuwafundisha Waafrika kwa picha zitembeazo. Mpaka mwaka 1937 mradi huo ulikuwa umetengeneza picha fupi 35, ukazionyesha kwa motokaa iliyozunguka Tanganyika na nchi jirani. Picha hizo zilifundisha kilimo, afya na matumizi mema ya fedha. Waliocheza ndani yake walikuwa Waafrika wasiokuwa na mazoea ya kazi hiyo. Waliotunga na kuamua walikuwa Wazungu. Mwafrika alikuwa na uso katika picha, lakini neno la mwisho halikuwa lake. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Tanganyika ilirudi katika jambo hilo kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilipatana na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg, na mtengenezaji wake Donald Swanson, kutengeneza sinema za hadithi kwa Kiswahili. Safari hii mafundisho yalifichwa ndani ya kicheko, kama dawa chungu itiwavyo asali.

Wakati huo Kawawa alikuwa kijana mtumishi wa serikali. Alikuwa amesoma Liwale, kisha Dar es Salaam, kisha Tabora katika shule ya serikali iliyotoa viongozi wengi wa nchi. Husimuliwa kwamba aliiacha nafasi ya kwenda Makerere ili apate mshahara wa kuwasomesha wadogo zake. Akawa karani, kisha akaingia katika kazi ya maendeleo ya jamii, ambayo ndani yake mlikuwamo kufundisha watu wazima kusoma na kuwapelekea sinema. Ndipo alipochukuliwa kucheza. Sinema iliyolibeba jina lake zaidi ni "Muhogo Mchungu" ya mwaka 1952, kisa cha kuchekesha cha mtu wa shamba katika mji wa Dar es Salaam. Naye alicheza katika nyingine za mfululizo ule.

Jambo moja katika sinema hizo lastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha. Mpaka hapo Kiswahili kilikuwa kimezoea kusikika katika vyombo vya serikali kama lugha ya tangazo: fanya hivi, usifanye vile, lipa kodi, chimba choo. Katika sinema ya hadithi mtu alisikika akibishana, akidanganya, akibembeleza, akijuta. Kiswahili cha sokoni na cha barazani kilipanda juu ya kitambaa cheupe kikapata heshima ya kutazamwa. Kawawa, ambaye kazi yake ya mchana ilikuwa kuwafikishia watu maneno ya serikali, alijifunza katika mchezo namna watu wenyewe wasemavyo wanapokuwa hawasemi na serikali. Shule ya namna hiyo haikupatikana Tabora.

Hata hivyo kicheko kile kilikuwa na upande wake. Aliyechekwa alikuwa mtu wa shamba, na waliolipia kicheko hicho walikuwa watawala waliotaka mtu wa shamba abaki shamba, alime kwa kufuata maagizo, wala asijazane mjini. Hadithi ilisema kwa lugha ya watazamaji, lakini nia ya hadithi haikutoka kwao.

Mwaka 1953 serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kuingia katika vyama vya siasa, na TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai, 1954, watu wa kazi ya Kawawa hawakuweza kuwa wanachama. Mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa vyama vya wafanyakazi. Kawawa aliongoza chama cha Waafrika watumishi wa serikali, na lilipoundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika mwaka 1955, yeye alikuwa katibu mkuu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata aliiacha kazi ya serikali. Mwaka 1957 aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1960 akawa Waziri wa Serikali za Mitaa na Nyumba. Makuli, watumishi wa nyumbani na wakata mkonge walisemewa katika miaka hiyo na mtu aliyejua kusema mbele ya umati, na safari hii maneno hayakuwa ya kutungiwa. Nauli, posho na saa za kazi yalikuwa mambo aliyoyapokea kwao wenyewe. Pengine hakuna wakati mwingine wa maisha yake ambapo sauti yake na sauti ya aliowasemea zilikaribiana kama wakati huo.

Tarehe 22 Januari, 1962, majuma sita baada ya Uhuru, Julius Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu ili akaijenge TANU, na Kawawa akashika mahali pake. Mwaka huo huo ulimwengu ulionyeshwa sinema ya Marekani iitwayo "Hatari!", iliyopigwa Tanganyika kaskazini katika nchi ya Arusha, ambamo John Wayne na wenzake huwakamata faru, twiga na nyati ili wauzwe kwa wafuga wanyama. Jina lake ni neno la Kiswahili. Milima, nyika na wanyama wake ni wa Tanganyika. Lakini mambo makubwa ya hadithi ni ya wageni, na wenyeji huonekana pembeni wakishika kamba. Aliyetoka Amerika au Ulaya kwenda kutazama picha ile hakuwa na njia ya kujua kwamba nchi aliyoiona ilikuwa wakati huo na Waziri Mkuu aliyekuwa mwenyewe mchezaji wa sinema, tena katika lugha ambayo sinema ile iliazima jina lake.

Mwaka huo pia ulileta jaribu la kwanza. Serikali iliyoongozwa na Kawawa ilipitisha sheria ya kusuluhisha migogoro ya kazi, ambayo iliufanya mgomo kuwa jambo gumu mno kufanyika kwa halali. Baadhi ya wakuu wa vyama vya wafanyakazi waliipinga, kwa kuwa silaha waliyonyang'anywa ndiyo iliyompandisha aliyewanyang'anya. Mwaka 1964, baada ya maasi ya askari, shirikisho alilolianzisha lilivunjwa na sheria, na mahali pake kikawekwa chama kimoja, NUTA, chini ya mkono wa serikali. Hapa tena njia ya Mmarekani hufanana naye. Reagan aliongoza mgomo wa wachezaji wa sinema mwaka 1960, na alipokuwa Rais, Agosti 1981, aliwafukuza kazi waongoza ndege zaidi ya 11,000 kwa sababu ya kugoma. Watu wawili wasioshabihiana kwa siasa, mmoja wa ujamaa na mmoja adui wa ujamaa, walifikia mahali pamoja. Kila mmoja aliwahi kuwa sauti ya wafanyakazi, na kila mmoja alipoketi katika kiti kirefu aliamini kwamba sasa yeye ni sauti ya taifa zima, na kwamba sauti ya wafanyakazi peke yao ni ndogo kuliko hiyo.

Kutoka hapo yafaa kulitazama bonde la Kilombero, kwa kuwa ni mahali kama hapo, mbali na makao makuu, ndipo sauti ya taifa hufika kwa watu ikawa jambo la kila siku. Bonde hili ni makutano ya lugha. Wandamba wana yao, Wapogoro wana yao, Wambunga na Wabena vilevile. Na mashamba ya miwa ya Kidatu yalipoanza kukua mwanzoni mwa miaka ya 1960, waliletwa na kazi watu wa lugha nyingine nyingi. Mahali kama hapo Kiswahili hakihitaji kutetewa kwa hoja za vitabu. Bila hicho muuza samaki wa Ifakara na mkata miwa wa Kidatu hawaelewani bei. Lakini barua ya serikali, mpaka miaka ile, mara nyingi ilikuwa ya Kiingereza, na aliyeipokea ilimpasa kumtafuta mtu wa kumsomea, yaani kuazima macho na ulimi wa mwingine kwa jambo lake mwenyewe.

Januari 1967, mwezi ule ule Reagan alipoapishwa kule California, Kawawa alitangaza akiwa Makamu wa Pili wa Rais kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli zote za serikali. Mwaka huo huo lilianzishwa kwa sheria Baraza la Kiswahili la Taifa. Kati ya matendo yake yote ya utawala, hili ndilo lililo karibu zaidi na yale aliyojifunza mbele ya kamera: kwamba lugha ya watu yaweza kubeba jambo lolote, na kwamba mtu akisemeshwa kwa lugha yake huinua uso. Kwa mkazi wa bonde tangazo lile halikuwa fahari tupu. Lilimaanisha kuwa hukumu ya baraza, risiti ya ushuru na cheti cha zahanati vingeweza kusomwa na mwenyewe, au na mtoto wake wa darasa la nne. Hapo sauti iliyoazimwa ilirudishwa kwa wenyewe, tena ikiwa na faida.

Jambo la pili ni reli. Juni 1964 Kawawa aliongoza ujumbe wa Tanzania uliokwenda Peking, na urafiki uliotengenezwa katika miaka ile ndio uliozaa mapatano ya Septemba 1967 baina ya China, Tanzania na Zambia. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na reli ya kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi ilikabidhiwa Julai 1976. Njia yake hupita Kidatu na Ifakara, hufuata upande wa bonde chini ya Udzungwa hata Mlimba, kisha hupanda kwa madaraja na matundu ya milimani kuelekea Makambako. Ilijengwa kwa haja kubwa za mataifa, ili shaba ya Zambia isitegemee bandari za makaburu na Wareno. Lakini watu wa bonde waliifanyia haja zao. Treni moja ya abiria iliyosimama vituo vidogo waliiita Kipisi, wakaipandisha mchele, ndizi, samaki na kuku. Wachuuzi wanawake wakajenga nyumba kwa faida yake. Jina Kipisi halikutungwa na wizara yoyote. Watu hawakuulizwa reli ipite wapi, ila baada ya kupita waliisemea wenyewe.

Jambo la tatu ni vijiji, na hapa swali la insha hii hukaza. Februari 1972 Kawawa alikuwa Waziri Mkuu kwa mara ya pili, na mwaka huo huo utawala wa mikoa uliwekwa chini ya ofisi yake. Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba mwisho wa 1976 usiwakute watu wa mashamba nje yake. Wazo lilikuwa la Nyerere; utekelezaji uliangukia juu ya Waziri Mkuu, ambaye utii na ukakamavu wake vilimpa jina la Simba wa Vita. Kwa hesabu za serikali, kufikia mwaka 1977 watu wapatao milioni 13 walikuwa katika vijiji. Mahali pengine walihama kwa hiari, mahali pengine kwa kusukumwa, na wako waliochomewa nyumba ili wasirudi.

Katika bonde la Kilombero vijiji vingi vilipangwa kufuata njia ya reli, ili watu wawe walinzi wake na watumiaji wake. Katika ramani mpango huo ulipendeza. Lakini bonde lina kalenda yake. Mvua kubwa zinyeshapo, mto hufurika ukaifunika nchi tambarare, na mafuriko hayo ndiyo yaupayo mpunga rutuba. Mkulima hana budi kuwa karibu na shamba lake toka kulima hata kuvuna, maana ndege, nguruwe na viboko hawangoji mtu atoke kijijini asubuhi. Kwa hiyo watu wa bonde walikuwa na desturi ya kukaa shambani katika vibanda, vingine vimeinuliwa juu ya nguzo mfano wa dungu. Kijiji kilichopangwa kando ya reli, penye nchi ya juu, kilimweka mkulima karibu na shule na zahanati, kikamweka mbali na mpunga.

Watu hawakubishana kwa hotuba. Walijenga nyumba kijijini kama walivyoagizwa, na msimu ulipofika walifunga mlango wakaenda shamba na watoto wao. Desturi ya nyumba mbili imedumu bondeni, hata wachunguzi wa malaria wa Ifakara wamelazimika kuihesabu katika kazi yao, kwa sababu mtu alalaye shambani miezi kadhaa huwa mbali na dawa wakati mbu ni wengi. Nyumba ya pili shambani ndiyo jibu la mkulima kwa amri ya mwaka 1973. Si uasi, wala si utii kamili. Ni neno ambalo hakuna mtu aliyemwomba alitamke.

Haki yataka ielezwe kuwa Kawawa hakutafuta mali katika utawala, wala hakuna aliyeweza kumwita mtu wa makuu. Katika nchi nyingi wakubwa wa zama zake walijilimbikizia mashamba na majumba. Yeye alikumbukwa kwa maisha ya kadiri. Vijiji vile vile vilileta madarasa, visima na madaftari ya kisomo cha watu wazima, kazi ambayo aliianza ujanani. Lakini wema wa nia haulijibu swali lililoulizwa. Katika "Muhogo Mchungu" serikali ilitaka kumwambia mtu wa shamba jambo la kumfaa, ikamtafuta Mwafrika mwenye sauti nzuri alitamke. Miaka ishirini na moja baadaye serikali ilikuwa ya wenyeji na nia ilikuwa safi zaidi, ila mpango wa mazungumzo haukubadilika sana. Mmoja husema, wengi hutazama. Na mtazamaji wa sinema, hata acheke au alie, hawezi kuigeuza hadithi. Kawawa alipoamuru Kiswahili kitumike, aliwapa watu lugha ya kujibia. Alipotekeleza vijiji, hapakuwekwa nafasi ya jibu.

Aliacha Uwaziri Mkuu Februari 1977, akaongoza wizara ya ulinzi, akawa Katibu Mkuu wa Chama cha Mapinduzi toka 1982 hata 1990, na akafariki Dar es Salaam tarehe 31 Desemba, 2009. Maandishi ya maombolezo yalizitaja sinema zake kwa mstari mmoja au miwili, kama mchezo wa ujana kabla ya kazi ya kweli. Huenda mstari huo ulistahili kuwa mrefu zaidi, maana ndani yake umo ufunguo wa nguvu zake na wa upungufu wake.

Bondeni mpunga hupandwa na kuvunwa kama zamani, na wakulima wa Ifakara wangali wakihesabu majira kwa mto. Barua ifikapo kijijini kutoka ofisi yoyote, huwa ya Kiswahili, nao huisoma wenyewe. Kisha, maji yanapokaribia, hufunga milango ya nyumba za kijijini wakashuka mashambani.